Mkono Ulionyoshwa Ket Parak: Maisha ya Koitalel arap Samoei na Kanuni ya Ushujaa

Utangulizi

Mtu asimamapo Soin, katika nyanda za joto za Kericho zinazoteremka kuelekea bonde la Nyando, huiona milima ya Nandi ikiinuka upande wa kaskazini. Nyuma yake kuna mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Mbele yake, ng'ambo ya bonde, kuna mashamba mengine ya chai, yale ya Nandi Hills. Katikati hupita njia ya reli, kutoka Fort Ternan hadi Koru na Muhoroni, ikielekea Kisumu. Katika lugha za Wakalenjin, neno soin humaanisha nchi ya chini yenye joto, nayo nchi ya juu yenye baridi huitwa mosop. Aliyelelewa huko chini amezoea kuinua macho atazamapo nchi ya juu, na aghalabu katika kutazama huko ndipo jina la Koitalel arap Samoei humfikia kwa mara ya kwanza, kinywani mwa mzee.

Baadaye mtoto huyo huingia chuo kikuu, akakutana na fasihi linganishi. Huko hufundishwa kwamba kipimo cha shujaa kimewekwa na tendi za Wagiriki wa kale, na kwamba Achilles na Hector ndio vielelezo. Swali humjia bila kuitwa: je, yule mzee wa Nandi aliyeuawa mwaka 1905 anaingia katika kipimo hicho, au kipimo chenyewe ndicho kinachopaswa kupimwa?

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya Koitalel kwa kuyaweka kando ya kanuni ya heshima iliyomo katika Iliad. Hatukusudii kumvika deraya ya Kigiriki. Tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni ya ushujaa, kwa Wagiriki na kwa Wanandi, haiishii katika nguvu za mkono. Inadai pia neno litunzwe baina ya maadui, na inadai mwili wa aliyeanguka urudishwe kwa watu wake. Kwa mizani hiyo, maisha ya Koitalel ni utendi ambao sehemu yake ya mwisho haijaimbwa.

Kanuni ya heshima katika Iliad

Iliad ni utendi wenye vitabu 24 na mishororo zaidi ya 15,000, unaonasibishwa na Homer na unaokadiriwa kutungwa katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Heshima ndani yake ni kitu kinachoonekana kwa macho. Shujaa hupewa fungu lake la nyara, kiti chake karamuni, mnofu wake na zamu yake ya kusema barazani. Ndiyo maana Agamemnon anapomnyang'anya Achilles mateka Briseis, ugomvi hauhusu mwanamke peke yake. Aliyenyang'anywa fungu amevuliwa hadhi mbele ya jeshi zima, naye Achilles anajiondoa vitani huku wenzake wakifa.

Msomaji wa Rift Valley hataona ugeni mwingi hapo. Mifugo nayo ina nafasi katika kanuni hiyo. Mzee Nestor hujivunia uvamizi wa mifugo alioufanya ujanani, na Achilles mwenyewe, akieleza kwamba hana kisasi chake binafsi na Watroya, hutaja kwamba hawajapata kumwibia ng'ombe wala farasi. Juu ya heshima hiyo ya mkononi kuna sifa isiyokufa, ile inayobaki katika nyimbo baada ya mtu kufa. Achilles aliijua bei yake: akirudi nyumbani angeishi maisha marefu na kusahauliwa, akibaki Troya angekufa mapema na kuimbwa.

Hata hivyo, wengi wetu tunaposoma utendi huu tunaishia hapo, tukadhani kanuni ya ushujaa ni kuua na kusifiwa. Tunasahau mipaka yake. Kuna mpaka wa kiapo: pande mbili zinapoapa kusitisha vita, naye Pandarus wa Troya akamrushia Menelaus mshale, mshairi anaufanya uvunjaji huo wa kiapo kuwa ushahidi kwamba Troya itaangamia. Kuna mpaka wa ugeni: Glaucus na Diomedes, maadui waliokutana katikati ya vita, wanapotambua kwamba babu zao waliwahi kukaribishana, wanashuka kutoka magari yao, wanashikana mikono na kuepukana. Kuna pia mpaka wa maiti. Hector anamwomba Achilles waahidiane kwamba mshindi ataurudisha mwili wa aliyeshindwa, naye Achilles anakataa, kisha anauburura mwili huo nyuma ya gari. Miungu yenyewe inachukizwa. Utendi haumaliziki kwa ushindi. Unamalizika pale mzee Priam anapoingia hemani mwa muuaji wa mwanawe, anapewa mwili, anapewa pia siku za kuomboleza, na Hector anazikwa.

Tuishike mipaka hiyo mitatu, yaani kiapo, mkono na maiti, tunapovuka bonde kwenda Nandi.

Nasaba na kiti chenye damu

Koitalel alizaliwa takriban mwaka 1860 katika ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiik. Orkoiyot alikuwa kiongozi wa kiroho wa Wanandi: mtabiri, mbashiri wa mvua na vita, na mwenye kutoa idhini na baraka kabla ya vijana kwenda kuvamia. Hakuwa mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee katika mabaraza ya kokwet, na majeshi yalipangwa kwa makundi ya pororiet. Wala hakuwa mpiganaji wa mstari wa mbele. Vijana waliorudi na ng'ombe walimpelekea sehemu yake, kwa kuwa ushindi wao ulihesabiwa kuwa umetokana na baraka zake.

Hapa ndipo tofauti kubwa na Wagiriki inapojitokeza. Agamemnon anaweza kuliponza jeshi lake na kubaki mkuu. Kwa Wanandi, aliyepokea heshima ya ushindi alibeba pia lawama ya msiba. Baba yake Koitalel, Kimnyole arap Turukat, anakumbukwa kwa utabiri wa kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma atemaye moto na moshi. Lakini vijana wengi walipoangamia katika uvamizi uliosemwa kuwa alikuwa ameuidhinisha, na maradhi ya ng'ombe na njaa vilipoizidi nchi, watu wake wenyewe walimhukumu. Karibu na mwaka 1890 Kimnyole aliuawa kwa kupigwa rungu.

Mwana huyo alirithi, basi, kiti chenye damu ya baba yake. Hata kukirithi hakukuwa rahisi. Wanandi waligawanyika, wengine wakimtaka Koitalel na wengine wakimtaka nduguye, Kipchomber arap Koilegei. Mapambano yalizuka baina ya pande hizo mbili. Kufikia mwaka 1895 Koitalel alikuwa ameshinda, naye Kipchomber akaelekea kusini akapokelewa na Wakipsigis, akawa orkoiyot kwao. Kwa hiyo historia ya Kericho na ya Nandi imefungamana kwa ndugu wawili: mmoja alibaki milimani kuwakabili Waingereza, na mwingine alipata makao upande huu wa bonde. Msomaji auweke moyoni ukweli huo, kwani tutaurudia.

Miaka kumi ya nyoka wa chuma

Mwaka huohuo wa 1895 mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, aliuawa katika nchi ya Nandi, na serikali ya kikoloni ikapeleka kikosi cha kuadhibu. Huo ulikuwa mwanzo wa mapambano ya zaidi ya miaka 10. Misafara mingine ya kijeshi ilifuata, ikiwamo ya mwaka 1897 na 1900, na baada ya kila msafara palikuwa na mapatano yasiyodumu.

Wakati huo reli ilikuwa ikisogea kutoka Mombasa, na mwezi Desemba mwaka 1901 ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Ilipita bondeni, chini ya milima ya Nandi. Kwa wageni reli ilikuwa fahari ya dola yao. Kwa vijana wa Nandi ilikuwa nyoka wa utabiri, na papo hapo ilikuwa ghala la chuma. Nyaya za simu ziligeuzwa mapambo. Vyuma na parafujo za reli ziligeuzwa silaha. Maafisa waliandika kwamba ni wizi. Lakini tukikumbuka Nestor na ng'ombe wake, tutaona kwamba kilichoitwa wizi na upande mmoja kilikuwa fungu la nyara kwa upande wa pili. Mhunzi aliyefua mkuki kutokana na chuma cha reli alikuwa akifanya kazi yenye heshima machoni pa wenzake.

Ikumbukwe kwamba Koitalel hakuwa na bunduki za kulinganisha na zile za jeshi. Alichokuwa nacho ni ardhi ya milima na misitu, mpango wa pororiet ulioweza kukusanya vijana kwa haraka, na imani ya watu kwamba neno lake lilikuwa na uzito. Kwa mambo hayo matatu aliizuia dola kubwa kuliko zote za wakati ule kuimiliki nchi yake kwa miaka 10. Hapakuwa na kura wala mshahara uliowafunga Wanandi kwake. Mfano wa baba yake ulimkumbusha kila siku kwamba angeweza kuuawa na hao hao aliowaongoza.

Mwaka 1905 ulikuwa mchungu kwa pande zote mbili za bonde. Mwezi Juni jeshi liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, katika nchi ambayo leo ni ya Bomet, likaua watu wengi na kuteka mifugo. Ilipofika mwezi Oktoba, jeshi kubwa lilikuwa likiandaliwa dhidi ya Wanandi.

Ket Parak, tarehe 19 Oktoba 1905

Afisa aliyepewa nafasi kubwa katika simulizi hii ni Richard Meinertzhagen wa King's African Rifles, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Aliamini kwamba Orkoiyot akiondolewa, upinzani utavunjika. Palifanywa miadi ya kukutana na Koitalel kuzungumzia amani, kila upande ukitakiwa kuja na watu wachache. Mahali palikuwa kilima cha Ket Parak, katika Nandi Hills ya leo.

Afisa alikuja na wenzake wachache mbele, lakini nyuma yake aliwaficha askari wengine wenye silaha. Koitalel alitoka na watu wake. Simulizi za Wanandi zinasema alinyosha mkono kumwamkia mgeni, na kwamba risasi ilimpata mkono ukiwa umenyoshwa. Afisa alidai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego, na kwamba upande wa pili ndio ulioanza. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba alimpiga risasi Koitalel karibu kabisa, katika mkutano uliopangwa kwa jina la amani, na kwamba zaidi ya watu 20 wa upande wa Koitalel waliuawa mahali hapo.

Mashaka yalikuwapo hata miongoni mwa Waingereza wenyewe. Mahakama tatu za uchunguzi za kijeshi ziliitishwa juu ya tukio hilo. Zilimwondolea hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa nchini. Miongo mingi baadaye, mwaka 1957, alichapisha shajara yake ya Kenya akijieleza kwa namna iliyompendeza, na watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba mengi katika shajara zake yalitiwa chumvi au yalibuniwa.

Tuurudie sasa mpaka wa kiapo na mpaka wa mkono. Wapo wasemao kwamba Koitalel alikosa busara kwenda kumkuta adui. Wanasema kiongozi mwerevu angebaki msituni. Hoja hiyo haina uzito katika kanuni ya ushujaa. Diomedes hakuwa mjinga aliposhikana mkono na Glaucus katikati ya vita; alikuwa mtu anayeamini kwamba mkono una maana. Katika kanuni ya Homer aibu humwangukia Pandarus aliyerusha mshale wakati wa kiapo, wala haimwangukii Menelaus aliyejeruhiwa akiwa amekiamini kiapo hicho. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa njia ya karibu zaidi. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa ambaye mkuki haukumweza anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe aliyehongwa. Hakuna mwimbaji aliyemhesabia Liyongo hila hiyo kuwa udhaifu. Hila humvunjia heshima aliyeitumia.

Mwili, fimbo na ukoo

Mara tu baada ya kifo hicho jeshi liliingia Nandi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1906 Wanandi zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa, ng'ombe zaidi ya 10,000 walikuwa wametekwa, na watu wa sehemu zilizokuwa karibu na reli walisukumwa katika hifadhi iliyotengwa kaskazini. Ardhi iliyoachwa ilifunguliwa kwa walowezi, na baadaye chai ikaota juu yake. Upande wa Kericho mashamba makubwa ya chai yalianzishwa katika miaka ya 1920. Mtu achumaye majani mawili na kitumba asubuhi, kila upande wa bonde, huchuma juu ya historia hii, ajue asijue.

Mpaka wa tatu ulikuwa ule wa maiti. Simulizi za Wanandi na za ukoo wa Koitalel zinashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na madai ya kurejeshwa kwake yametolewa kizazi baada ya kizazi. Alama za uongozi wake zilichukuliwa na muuaji wake. Mwaka 2006, baada ya miaka 101, fimbo tatu zilizotambuliwa kuwa zake zilirejeshwa Kenya kutoka Uingereza. Huko Nandi Hills pamejengwa makumbusho na mahali pa kumkumbuka. Fimbo zimerudi, kichwa hakijarudi.

Ukoo nao haukuachwa. Nduguye Kipchomber, yule aliyepokelewa na Wakipsigis, alihamishwa na serikali mwaka 1914 pamoja na wenzake wa ukoo akapelekwa katikati ya nchi, na alifia ugenini. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923, serikali ikihofia sherehe kubwa ya Wanandi iliyokuwa ikiandaliwa. Alikaa kizuizini na uhamishoni takriban miaka 40, hadi Kenya ilipokuwa imekwisha kupata uhuru. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai wa Kericho, na familia zao kwa mamia zikahamishiwa Gwassi, karibu na ziwa, katika nchi ya mbung'o na malaria. Wengi waliorudi walikuta ardhi yao imekwisha kutwaliwa. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walifikisha malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Yote haya yanaonyesha kwamba muuaji alikosea katika hesabu yake. Alidhani heshima ya Orkoiyot ilikaa katika mwili mmoja, na kwamba mwili ukianguka nayo itaanguka. Lau hesabu hiyo ingekuwa sahihi, pasingekuwa na haja ya kumfunga mwana, kumhamisha ndugu, na kuutungia ukoo mzima sheria miaka 29 baadaye. Serikali yenyewe, kwa vitendo vyake, ilishuhudia kwamba sifa ya Koitalel haikufa.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama Koitalel anaingia katika kipimo cha Wagiriki. Tumeona kwamba kwa upande mmoja anakizidi. Heshima ya Achilles ilikuwa yake binafsi; alipoudhiwa alijitenga na jeshi lake likafa. Heshima ya orkoiyot ilikuwa amana. Ilitolewa na watu, ikadaiwa na watu, na mwenye kuishika aliweza kuuawa kwa kuiponza jamii. Koitalel aliishika amana hiyo akijua yaliyompata baba yake, na aliifia.

Kwa upande mwingine kipimo cha Homer kinatusaidia kuona pengo. Wanafunzi wenzetu wanaoifunga Iliad wakidhani imemaliza kusimulia vita hawajaisoma sawasawa, kwa kuwa Troya bado imesimama katika ukurasa wa mwisho. Mshairi alitua alipoona kwamba maiti imerudi, wazee wamelia na kaburi limefunikwa. Hapo ndipo heshima ilipotimia, kwa aliyekufa na hata kwa aliyemwua, kwani Achilles alirudi kuwa binadamu alipomrudishia Priam mwanawe.

Simulizi ya Koitalel haijafika hapo. Wajibu wa wanafasihi, hasa sisi tuliotoka pande hizi za bonde, ni kuzikusanya simulizi zake kutoka kwa wazee wa Nandi, Kericho na Bomet kabla hawajatutoka, na kuziandika kwa Kiswahili ili Mkenya wa Lamu na wa Busia azisome kama anavyosoma habari za Liyongo. Wajibu wa serikali mbili, ya Kenya na ya Uingereza, ni kulijibu swali la kichwa cha Orkoiyot waziwazi. Hadi siku hiyo, atakayesimama Soin na kutazama milima ya Nandi ajue kwamba huko juu kuna mazishi yanayosubiri kukamilishwa.